Tani 115 za bentoniti ndani ya mlima: uchambuzi wa jaribio la FEBEX kwa msomaji wa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi mazungumzo ya uraniamu hayakawii kufika Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa uraniamu wa Katanga. Yakishafika huko hayakawii kuzaa pendekezo ambalo wengi wameshalisikia: ulimwengu unahangaika kutafuta pa kuzika mabaki ya vinu vya nyuklia, sisi mashimo tunayo, mgodi wa Kipushi peke yake una shimo la kushukia linalopita mita 1,200, basi si watulipe tuwawekee? Siasa ya jambo hilo ina wenyewe. Kihandisi jibu lipo, na njia fupi ya kulipata ni kufuata jaribio moja tangu lilipofungwa hadi lilipofukuliwa. Tumechukua FEBEX, jaribio la kizuizi cha udongo kilichozungushwa kwenye makasha ya kuigiza yenye joto, lililofanyika Grimsel, Uswisi, kuanzia 1997 hadi 2015. Majaribio ya namna hii yaliyojengwa kwa ukubwa kamili ni machache, na yaliyofukuliwa kipande kwa kipande baada ya miaka 18 ni machache zaidi.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Jiwe la Shinkolobwe lina mionzi, lakini halichemki. Fueli iliyotoka kinuni ni habari nyingine: hata baada ya kupozwa majini kwa miongo kadhaa inaendelea kutoa joto, hasa kwa sababu ya sesiamu 137 na stronsiamu 90 zinazoendelea kuvunjika ndani yake. Kasha la mpango wa Uhispania, ambao ndio uliozaa FEBEX, lilikusudiwa kubeba mafungu manne ya fueli na kutoa kama wati 1,200 siku ya kuwekwa chini. Ni pasi ya umeme iliyoachwa imewaka ndani ya ukuta, ila hii hakuna wa kuizima. Kwa hiyo swali la hifadhi ya chini ya ardhi halikomei kwenye kina cha shimo. Inabidi kujua joto hilo litaufanyia nini udongo uliolizunguka kasha, maji yatafika lini, na yakifika yatakuta nini.

Kilichojengwa

Kituo cha Grimsel kimo ndani ya mlima, kama mita 450 chini ya uso wake, na unakifikia kwa handaki la magari la kampuni ya umeme wa maji. Kilianza kazi 1984. Hakijawahi kuwa mahali pa kuzika taka, wala hapakuwa na gramu moja ya fueli katika FEBEX. Waliotaka kujua tabia ya joto, maji na udongo waliweka vipasha joto vya umeme vyenye ukubwa na uzito wa kasha halisi. ENRESA, shirika la Uhispania la taka za nyuklia, ndilo lililoongoza, na NAGRA la Uswisi ndilo lenye kituo.

Galeri, yaani handaki la jaribio, ilichimbwa mwaka 1995 kwa mashine inayokata mwamba kwa kichwa kizima kinachozunguka: urefu mita 70.4, kipenyo mita 2.28. Msomaji aliyezoea migodi ya Katanga atauliza kwa nini hawakutumia baruti, ambayo ingemaliza kazi kwa gharama ndogo. Baruti huacha ukanda wa mwamba uliopasuka kuzunguka galeri, na ukanda huo ukishakuwepo ni mfereji: maji yanaweza kupita nyuma ya udongo bila kuugusa, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kwa kichwa cha kukata ukuta unabaki laini na nyufa mpya ni chache.

Mita 17.4 za mwisho ndizo zilizotumika. Katikati lililazwa bomba la chuma lenye matundu, kipenyo chake cha nje sentimita 97, na ndani yake vipasha joto viwili vya chuma, kila kimoja na urefu wa mita 4.54, kipenyo sentimita 90 na uzito wa tani 11 hivi. Kati ya bomba na mwamba, ambao ni graniti, pakabaki nafasi ya sentimita 65. Nafasi hiyo ndiyo jaribio lenyewe.

Ilijazwa bentoniti. Mafundi wa foraji, yaani visima vya kutoboa kwa mashine, hapa wanaijua kama unga wa kutengeneza matope ya kuzuia kuta za shimo zisiporomoke. Ya FEBEX ilitoka Almería, kusini mwa Uhispania. Zaidi ya asilimia 90 yake ni smektaiti, ile madini ya bapa inayovuta maji kati ya tabaka zake na kuvimba. Kalsiamu na magnesi zimeshika nafasi nyingi kati ya tabaka hizo, sodiamu ni kama robo. Haikumwagwa kama unga. Ilibanwa kwa mashine, kwa shinikizo la megapaskali 40 hadi 45, ikiwa na asilimia 14 ya maji, ikawa matofali yenye unene wa sentimita 12.5 na uzito wa kilo ishirini na kitu kila moja. Matofali zaidi ya 5,000 yalipangwa katika safu za wima, pete ndani ya pete. Jumla yake ni karibu tani 115.

Hesabu inayobeba kila kitu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopita haraka na baadaye kushangaa.

Tofali likitoka kwenye mashine lilikuwa na msongamano mkavu, yaani uzito wa udongo wenyewe bila maji, wa gramu 1.70 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Lakini matofali hayakai kama chuma kilichoyeyushwa. Kuna mwanya kati ya tofali na tofali, kuna mwanya juu kati ya pete ya nje na mwamba, kuna mwanya kuzunguka bomba. Mianya hiyo yote pamoja ilikuwa asilimia 5.5 ya ujazo. Udongo utakapovimba utaijaza, na uzito uleule utakuwa umeenea kwenye nafasi kubwa zaidi: 1.70 mara 0.945 ni 1.60 na ushee. Hiyo 1.60 ndiyo iliyolengwa.

Tofauti ya 0.10 inaonekana ndogo, lakini kwa bentoniti hii shinikizo la kuvimba hupanda kwa mkunjo mkali: kwenye 1.50 ni kama megapaskali 3, kwenye 1.60 kama 6, kwenye 1.70 kama 11. Mianya ya asilimia 5.5 imekula karibu nusu ya shinikizo. Fundi akiacha mianya ya asilimia 10 kwa uvivu wa kupanga, atakuwa amejenga kizuizi kingine kabisa, hata kama karatasi zinasema udongo ni uleule. Upitishaji wa maji nao unafuata msongamano huohuo. Kwenye 1.60 ni kama mita 5 mara kumi kwa kipeo cha hasi 14 kila sekunde, mdogo kiasi kwamba kinachosafiri ndani ya udongo husafiri kwa kupenya polepole tu, mkondo haupo.

Megapaskali 6 ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha mita 600. Galeri ya mita 2.28 ina uso wa mita 4.08 za mraba. Shinikizo hilo lote lingefika kwenye kizibo cha mlango, kingesukumwa kwa nguvu ya tani 2,500 hivi. Kwa kweli halifiki lote, maana msuguano wa udongo na mwamba hula sehemu kubwa. Hata hivyo sasa inaeleweka kwa nini mlango ulifungwa kwa betoni yenye unene wa karibu mita tatu.

Sasa maji. Tani 115 zenye asilimia 14 ya maji zina kama tani 101 za udongo mkavu na tani 14 za maji. Kwenye msongamano wa 1.60, udongo huu unajaa kabisa ukifika kama asilimia 25.5, yaani tani 25.7 za maji. Kilichopungua ni tani 11.6 hivi. Pampu moja ya kawaida ya mgodi, ya mita za ujazo 100 kwa saa, ingeyasukuma hayo kwa dakika saba. Bentoniti haikumaliza kuyanywa kwa miaka 18.

Kuwasha

Umeme uliwashwa tarehe 27 Februari 1997. Haukupelekwa kwenye digrii 100 moja kwa moja. Siku 20 za kwanza kila kipasha joto kilipewa wati 1,200, kisha 2,000 hadi siku ya 53, ndipo mfumo ukabadilishwa: badala ya kushika nguvu, ukashika joto, digrii 100 pale bomba linapogusana na udongo, na nguvu ikaachwa ipande na kushuka yenyewe.

Mpango huo una maana yake. Udongo mkavu hupitisha joto vibaya, karibu wati 0.57 kwa mita kwa digrii. Ukijaa maji hufika 1.28. Ukianza na nguvu kubwa wakati udongo bado mkavu, joto linarundikana kando ya kasha na unapita digrii 100 kabla hujajua. Mpaka wa digrii 100 nao haukuchaguliwa kwa kupendeza kwake. Juu ya hapo mvuke huanza kutawala, na joto kubwa kwa muda mrefu linaweza kuibadilisha smektaiti kuwa ilaiti, ambayo haivimbi, au kuigandisha kwa silika ikapoteza ulaini wake. Katika jaribio la pembeni lililojengwa Madrid kwa ukubwa unaokaribia huo, udhibiti wa joto uliwahi kuharibika na joto likapanda kupita kiasi kwa muda. Somo lake ni la fundi umeme kuliko la mwanajiolojia: kikata-umeme cha pili, kisichotegemea kompyuta ya kwanza, ni sehemu ya jaribio.

Baada ya hapo yalianza mambo mawili yanayopingana. Kutoka kwenye graniti maji yaliingia taratibu, yakivutwa na ukavu wa udongo. Kutoka kwenye kipasha joto unyevu uligeuka mvuke, ukakimbilia nje kwenye ubaridi, ukawa maji tena huko. Kwa hiyo sentimita za ndani zilikauka kwanza, chini ya ile asilimia 14 ya mwanzo, wakati za nje zinalowa. Mtu anayetazama vipimio vya ndani tu miezi ya kwanza angeapa kwamba jaribio linarudi nyuma.

Februari 2002: nusu ya kwanza

Miaka mitano ilipotimia, kipasha joto cha kwanza kilizimwa, kizibo kikabomolewa na upande huo ukafukuliwa. Cha pili hakikuzimwa. Ugumu wa kazi ulikuwa hapo: kubomoa betoni na kuchimba udongo mita chache kutoka kwenye kitu chenye digrii 100 ambacho hakitakiwi kutikisika. Mahali kilipotoka kipasha joto cha kwanza pakawekwa silinda bandia ya chuma, mbele yake kikajengwa kizibo kipya cha mita tatu kwa betoni ya kupuliza. Betoni ya kupuliza hushika umbo la mwamba bila kuhitaji mbao za kuimwagia, na kwa kazi ya haraka hilo lina thamani.

Walichokuta: mianya ya ujenzi ilikuwa imeziba. Pete za nje zimelowa vizuri na zimevimba, msongamano wake umeshuka. Za ndani zimebanwa na za nje, msongamano wake umepanda. Karibu na kipasha joto udongo ulikuwa bado haujapata maji ya maana.

Jambo lililowashangaza wengi zaidi ni umbo la ulowevu. Graniti ya Grimsel ina nyufa, na watu walitarajia kuona upande wa ufa umelowa na upande wa mwamba mzima umebaki mkavu. Haikuwa hivyo. Maji yalikuwa yameenea kwa ulinganifu kuzunguka mhimili wa galeri, juu, chini, kushoto, kulia. Maelezo yake ni rahisi ukishayasikia: mwamba, pamoja na uchache wa maji yake, ulikuwa unaleta haraka kuliko udongo unavyoweza kupokea. Anayeamua mwendo ni mlango mwembamba zaidi, na mlango mwembamba hapa ni bentoniti. Matokeo haya yanapendwa sana katika semina. Tunaonya yasibebwe kwenda kwenye mwamba wa aina nyingine bila kupima, na tutarudi hapo.

Aprili 2015: nusu ya pili

Kipasha joto cha pili kilizimwa tarehe 24 Aprili 2015, baada ya zaidi ya miaka 18. Kilichofuata ni mbio. Umeme ukikatika joto linashuka, mvuke unatulia, maji yanaanza kujipanga upya; ukibomoa kizibo, shinikizo linaachiwa na udongo unatanuka. Kila saa inayopita picha unayoitafuta inafifia. Kwa hiyo sampuli zilikatwa safu kwa safu kwa mistari inayotoka kwenye bomba kwenda kwenye mwamba, zikafungwa hapohapo zisipoteze unyevu, na vipimo viwili vikafanyika karibu na galeri bila kusubiri: kiasi cha maji, kwa kukausha kwenye digrii 110 kwa saa 48, na msongamano, kwa kuzamisha kipande kwenye zebaki. Zebaki haipenyi kwenye vitundu vya udongo wala udongo hauinywi, ndiyo maana inatoa ujazo sahihi kuliko maji. Ni sumu, na maabara isiyo na chumba chenye hewa ya kuvutwa nje itumie nta ya parafini, ikubali kosa kubwa kidogo.

Wastani wa msongamano mkavu ulikutwa karibu na ile 1.60 iliyopangwa, lakini wastani huficha. Kutoka kwenye graniti kwenda kwenye bomba msongamano ulikuwa unapanda na kiasi cha maji kinashuka, mstari uleule wa 2002 ukiwa umelala zaidi. Miaka 18 haikuusawazisha. Nje udongo umejaa, kando ya kipasha joto bado pana nafasi. Modeli za hesabu zilikuwa zimetabiri joto vizuri tangu mwaka wa kwanza. Kwenye maji ya ndani, ambako mwisho wa safari huwa polepole, ndiko zilikotofautiana na vipimio na zenyewe kwa zenyewe, na jaribio la Madrid lilionyesha upungufu uleule.

Katika majedwali ya kazi kama hii utakuta kiwango cha kujaa maji kilichopita asilimia 100. Mwanafunzi akiona hivyo hufuta namba akidhani ni kosa la kukokotoa. Asifute. Hesabu ya kawaida inachukulia kwamba maji yote yana gramu moja kwa sentimita ya ujazo, na maji yaliyobanwa kati ya tabaka za smektaiti ni mazito kuliko hapo.

Chumvi nazo zilikuwa zimehama. Kloridi ilisombwa na maji kutoka nje ikasukumwa kuelekea kwenye joto, kwa hiyo chuma cha ndani kilikuwa kinakutana na maji yenye chumvi nyingi kuliko ya mwamba. Kwenye mgusano wa udongo na bomba palikuwa na rangi, nyekundu na buluu, ya chuma kilichoingia kwenye udongo kwa sentimita chache. Penye joto na ukavu kutu ilikuwa nyepesi. Penye ubaridi na unyevu ilikwenda mbali zaidi. Kwenye mgusano na betoni, bentoniti ilibadilika kwa tabaka jembamba sana, la kipimo cha milimita. Maji ya betoni ni makali kwa smektaiti, na hilo halikatazi kizibo cha betoni, ila linasema usikilaze kasha karibu nacho.

Vipimio

Vilikuwa 632: vya joto, unyevu, shinikizo la udongo, shinikizo la maji, mwendo. Vya joto vilidumu kuliko vyote. Vya unyevu vilifanya kazi vizuri maadamu udongo haujajaa. Maji yakivifikia vinazama, na kuanzia hapo vinasema asilimia 100 au vinanyamaza, bila wewe kujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Ufukuaji wa 2002 ulionyesha vipimio vilivyoliwa vibaya na kutu wakati kipasha joto kilicho jirani kiko salama. Chuma chembamba kilichopindwa na udongo unaovimba, kikalowa chumvi, na mahali penye ubaridi kikapata bakteria wanaokula salfati, hakina maisha marefu.

Kila kipimio kina waya, na kila waya ni njia ya maji na gesi kutoka mwambani hadi mlangoni. Waya zikifungwa pamoja kama fungu moja, udongo hauingii katikati ya fungu. Zitawanye, upitishe kila moja kwenye mfereji wake uliokatwa kwenye tofali, na kwenye kizibo uzibane moja moja. Na hesabu yako isitegemee kipimio cha ndani kuishi. Kama FEBEX isingefukuliwa, sehemu kubwa ya tuliyoyasema kuhusu chumvi, kutu na betoni isingejulikana, maana hakuna waya uliokuwa unayapima.

Basi Kipushi?

Mwamba wa Grimsel unaleta maji kwa matone, nayo si ya chumvi nyingi. Kipushi imo kwenye dolomia, mwamba wa jamii ya chokaa, na dolomia ya Katanga ina mapango na njia za maji ambazo kila mgodi wetu unazijua kwa bili ya umeme wa pampu. Uzalishaji ulisimama 1993. Mwaka 2011 pampu zilishindwa na maji yakapanda kuujaza mgodi. Ule ulinganifu mzuri wa 2002 ulitegemea mwamba unaoleta maji kidogo, lakini pande zote. Ukiweka matofali ya bentoniti mbele ya ufa unaotoa lita kadhaa kwa dakika, udongo hausubiri kuvimba: maji yanatoboa njia kati ya tofali na tofali, yanasomba chembe, na mwanya uliopaswa kuziba unapanuka. Hapo mlango mwembamba si bentoniti tena, na hesabu zote za sehemu ya pili zinaanguka.

Ujerumani ilijaribu njia ya mgodi wa zamani. Asse II, mgodi wa chumvi huko Saxony ya Chini, ulipokea mapipa kama 126,000 ya taka za kiwango cha chini na cha kati kati ya 1967 na 1978, ikiitwa kazi ya utafiti. Taka hizo hazikuwa hata fueli. Vyumba vilikuwa vimechimbwa na watu waliotafuta chumvi, hivyo walichimba hadi karibu na ukingo wa mwamba, mahali ambapo mjenzi wa hifadhi asingethubutu kugusa. Tangu 1988 maji yanaingia, kiasi cha mita za ujazo 12 hivi kwa siku. Kizuizi kizima cha FEBEX kingehitaji kiasi hicho kwa maisha yake yote. Mwaka 2013 sheria maalumu ilipitishwa ya kuyatoa mapipa.

Kwa hiyo jibu kwa anayetaja Kipushi ni kwamba kina cha shimo ndicho kigezo rahisi kuliko vyote. Wafini huko Onkalo, hifadhi yao ya fueli iliyotumika, wako kwenye mita 430 hivi tu, ila walichimba mahali walipopachagua wenyewe na kupapima kabla ya kutoboa.

Kipimo kinachoweza kufanyika hapa

Maabara yoyote ya udongo Lubumbashi inaweza kurudia sehemu ndogo ya FEBEX, na ingefaa ifanyike kwa maji yetu badala ya maji safi ya chupa. Hilo lina manufaa hata kwa asiyejali nyuklia, kwa sababu bentoniti hiyohiyo ndiyo inayoziba foraji za maji na sakafu za mabwawa ya mabaki ya mgodi.

Chukua pete ya chuma yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5.0 na urefu sentimita 1.2. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 23.56. Kwa msongamano mkavu wa 1.60 unahitaji gramu 37.7 za udongo mkavu. Ukiwa na asilimia 14 ya maji, pima gramu 43.0. Usidhani ni asilimia 14 kwa sababu mfuko umeandikwa hivyo. Kausha sampuli ndogo upate namba ya siku hiyo, maana unga uliokaa wazi msimu wa mvua una maji zaidi. Ubane ndani ya pete hadi ulingane na ukingo. Mashine ya kubana ya tani 10 inatosha, kwani megapaskali 40 kwenye uso huo ni tani 8.

Weka jiwe linalopitisha maji chini na juu, funga mfuniko, ingiza maji kutoka chini ili hewa itoke juu. Udongo utasukuma kwa kama megapaskali 6, na kwenye uso wa sentimita 19.6 za mraba hiyo ni tani 1.2. Fremu ya kawaida ya kupima kutitia kwa udongo wa msingi wa nyumba itapinda. Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika bila mtu kujua: fremu ikiachia milimita 0.05, shinikizo linapungua kwa asilimia 4 au 5. Ikiachia nusu milimita, msongamano unashuka hadi 1.54 na theluthi ya shinikizo imekwenda. Weka kipima mwendo juu ya mfuniko na uandike mwendo pamoja na nguvu, la sivyo utalaumu udongo kwa kosa la bolti. Subiri hadi mstari wa nguvu ulale kabisa, siku kumi au wiki kadhaa, kisha toa maji yote ya juu upesi kabla ya kufungua, vinginevyo udongo utayanywa wakati unaachia na kiasi cha maji utakachopima kitakuwa cha uongo.

Fanya sampuli tatu kwa maji yaliyosafishwa, tatu kwa maji ya foraji ya kwenye dolomia, na kama yapo, tatu kwa maji yanayotoka kwenye mgodi wa shaba, yenye salfati. Bentoniti ya sodiamu, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi kwa matope ya foraji, itakaa tofauti na ile ya Almería, kwa kuwa kalsiamu ya dolomia itaingia mahali pa sodiamu. Tofauti hiyo hujitokeza zaidi kwenye msongamano wa chini kuliko kwenye 1.60, kwa hiyo rudia kwenye 1.30, ambapo pete hiyohiyo inachukua gramu 34.9 za udongo wenye asilimia 14.